Sekunde Kumi na Moja za Jezi Namba Tisa

Siku ya fainali Bibi Filo alitega kitendawili chepesi, maana hakutaka kuwachosha wasichana waliotoka kukimbia dakika tisini na nyongeza. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, kikapu kati ya miguu, na kombe limewekwa juu ya beseni lililofudikizwa kama birika la chai.

"Kitendawili."

"Tega," wakaitikia, sauti zimekauka kwa kushangilia.

"Wanangu kumi na mmoja wametoka nyumbani weupe, wamerudi wekundu."

Wakajibu kwa mkupuo kuwa ni jezi zao, kwa sababu udongo wa Iringa ni mwekundu na hauna adabu kwa nguo nyeupe. Timu ya Malkia wa Ruaha ilikuwa na kanuni yake ya miaka mingi: anayeshindwa kitendawili anampa Bibi Filo mji, kisha anabeba kikapu cha jezi zilizofuliwa mpaka kwenye kamba. Siku hiyo wote walijibu isipokuwa Tulinave Mgimwa, namba tisa, aliyefunga goli pekee. Wenzake wakamtania kwamba nyota kageuka bubu, kisha wakamsamehe kikapu kwa heshima ya goli. Mwenyewe hata hakuwa amesikia. Alikuwa bafuni. Alioga, akatoka, akasimama kidogo na taulo lake, akarudi kuoga tena.

Binti huyo alikuwa na mazoea ya kuvua jezi na kuirusha kikapuni kutoka mbali, na ikikosa hudai kaonewa na mwamuzi. Siku hiyo aliileta mwenyewe mkononi, imekunjwa mara nne, akaiweka juu ya zile nyingine kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Bibi Filo aliliona hilo. Alikuwa na miaka sitini na mitano, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa amepokea nguo zenye jasho la watoto wa watu. Alijua nguo ikikunjwa hivyo kuna neno. Lakini nje ngoma zilikuwa zinalia na kila mtu anataka kumkumbatia kila mtu, basi akaliacha lipite.

Na yeye pia alikuwa amefurahi. Nani asingefurahi? Goli limeingia dakika ya themanini na tisa, filimbi ya mwisho imepulizwa, na Mzee Osmundi Gama, meneja wa timu, mwenye miaka yake sitini na miwili na goti lililofanyiwa upasuaji, katoka mbio kwenye benchi kama kijana. Alimnyanyua Tulinave, akamzungusha, akamshusha. Akamshusha lakini hakumwachia. Uso wake ulizama shingoni mwa binti, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukapanda kifuani. Skrini kubwa ya uwanja ikawaonyesha wote wawili, binti anacheka, meno yote nje. Uwanja mzima ukacheka naye.

*

Kesho yake Jumapili, akitoka kanisani, Bibi Filo alipitia chumba cha kufulia kufanya kazi ambayo kwa kawaida humchukua dakika moja.

Wakati huo timu zote za ligi zilivaa jezi sikivu. Kwa macho ni jezi tu, ina namba na jina, inashika uchafu kama zilivyoshika za zamani. Ila ndani yake zimefumwa nyuzi nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, na nyuzi hizo zinausoma mwili wa aliyeivaa: moyo unavyodunda, msuli unavyokaza, pumzi inavyobanwa, hata jasho. Fundi aliyekuja kuwafundisha watunza jezi aliwaambia jasho la kukimbia na jasho la hofu hutoka kwenye ngozi hiyohiyo, lakini uzi haudanganyiki, kama vile mama asivyodanganyika akisikia kilio cha njaa na kilio cha deko. Kila anayeruhusiwa kuingia uwanjani huvaa bangili, na uzi ukiguswa unajua ni mkono wa nani. Mchezaji akiguswa na mwili wake ukikataa kwa zaidi ya sekunde nne, jezi inaandika. Na ikifuliwa, inasahau.

Ndiyo maana Sheria ya Mguso iliweka sanduku. Kabla ya kufua, mtunza jezi anapitisha jezi juu ya sanduku, na kama ina neno, sanduku linamwonyesha vitufe viwili. Cha kijani kimeandikwa SHEREHE. Chekundu kimeandikwa PELEKA, na kikibonyezwa habari inafika kwa mwendesha mashtaka kabla kidole hakijainuka. Kifungo cha aliyegusa ni miaka mitatu jela, hakuna faini. Kitufe cha katikati hakuna. Kazi ya kubonyeza hakupewa mchezaji, akapewa mtunza jezi, ili mchezaji asije akafuatwa nyumbani kwao na wajomba, mchungaji na mwenyekiti wa mtaa kubembelezwa. Saa arobaini na nne tangu filimbi ya mwisho zikipita bila kidole chochote, sanduku lenyewe linaandika sherehe na kujifunga.

Bibi Filo alikuwa na njia yake ya kazi. Udongo mwekundu ukikaa sana kwenye nguo nyeupe hautoki, basi yeye alikuwa anaweka kikapu kizima juu ya sanduku, anabonyeza kijani mara moja, anamwaga sabuni. Mpira ni kugusana. Timu ikifunga goli jezi zote zina la kusema, na mara nyingi ni kiwiko cha golikipa au mtu kuangukiwa na wenzake sita. Watunza jezi wote wa ligi walifanya hivyo. Walifundishana.

Lakini sanduku la mwezi huo lilikuwa jipya, na halikukubali kikapu. Lilitaka moja moja. Bibi Filo akapitisha jezi akinung'unika, namba moja, namba mbili, namba tano, zote kimya au kiwiko, mpaka akafika kwenye ile iliyokunjwa mara nne.

*Namba 9. Bangili: Gama, O. Shingo, kiuno, kifua. Sekunde 11. Mwili umekataa kuanzia sekunde ya 2.*

Alivaa miwani, akasoma tena. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, jezi mapajani.

Aliipeleka fikra yake kwenye skrini kubwa. Meno yote nje. Mdomo ulikuwa unacheka na chini ya jezi mwili ulikuwa umekauka kama ubao, sekunde tisa nzima, mbele ya watu elfu kumi na nane. Jezi nyingine zote alizifua siku hiyo. Ya tisa aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaitia kwenye kabati la sabuni na kufunga kwa ufunguo. Hakubonyeza kitu. Alikuwa na mpaka Jumatatu saa sita mchana.

*

Osmundi alifika nyumbani kwa Bibi Filo alasiri ya siku ileile, hakuitwa. Hakuwa mtu wa kubisha hodi kwa Bibi Filo. Yeye Mngoni, mama huyu Mhehe, na babu zao walipigana mpaka wakachoka, wajukuu wakarithi utani. Kwa miaka arobaini aliingia jikoni kwake, akafunua chungu, akala alichokikuta, na Bibi Filo akamfukuza kwa mwiko huku akimkumbusha jinsi Wangoni walivyokimbia wakaacha hata mboga motoni.

Mtani huyu hakuwa wa maneno tu. Siku alipozikwa mume wa Bibi Filo, Osmundi alishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akatangaza kwamba hatoki mpaka apewe jogoo, kwa sababu marehemu alimkimbia wakiwa katikati ya ubishi. Mjane aliyekuwa hajala siku mbili akacheka mpaka akalia vizuri. Jogoo alitolewa. Hilo Bibi Filo hakulisahau, na hakutaka kulisahau.

Leo Osmundi hakufunua chungu. Alisimama na kofia mkononi, akauliza kama sanduku limesema. Bibi Filo akamjibu kwamba limesema.

Akaanza kueleza, na maneno yake yalikuwa mengi. Kwamba ilikuwa furaha. Kwamba timu haijawahi kuchukua kombe tangu aisawazishe ile ardhi ya mazoezi kwa jembe lake mwenyewe. Kwamba binti yule ni kama mwanawe, amemlipia mpaka matibabu ya kifundo cha mguu. Kwamba kila mtu alimgusa kila mtu siku ile, hata mlinzi wa geti alikumbatiwa, mbona bangili ya mlinzi haijaandikwa. Bibi Filo alimsikiliza. Alitaka sana kumwamini, na hapo ndipo palipomuuma, kwa sababu lile la mwisho lilikuwa kweli. Watu wote waligusana, na mwili wa Tulinave ulikataa mmoja.

"Alikuwa anacheka, mtani," Osmundi alisema. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

"Sasa nguo ijue kuliko mwenye uso wake? Sekunde kumi na moja, mtani. Miaka mitatu. Hata mwizi wa ng'ombe anaulizwa kwanza."

Bibi Filo alijaribu kupiga hesabu. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, na hesabu ya kugawanya miaka kwa sekunde hawakufundishwa. Moyoni aliona ni kweli miaka mitatu ni mingi kwa mkono uliokosea njia. Aliwajua watu waliotoka jela wakiwa na macho ya watu wengine. Akamwambia Osmundi aende nyumbani, akamwambia atafikiri. Mlangoni mzee aligeuka, akajaribu kutania kidogo, akasema basi akifungwa amletee ugali na asitie sumu ya Kihehe. Utani ule ulianguka katikati yao kama sahani, na hakuna aliyeinama kuuokota.

*

Jumatatu asubuhi na mapema Bibi Filo alimkuta Tulinave kwenye uwanja wa mazoezi, peke yake, anapiga mipira kuelekea goli lisilo na kipa. Timu ilikuwa mapumzikoni wiki nzima. Binti alimwamkia shikamoo bila kusimama, akapiga mpira mwingine, ukagonga mwamba.

Wakaketi kwenye benchi. Bibi Filo alikuwa amekuja na uji kwenye chupa, akammiminia, akasubiri anywe nusu kikombe. Kisha akamwambia alichokisoma kwenye sanduku, kwa sauti ya chini, bila kuongeza chumvi.

Tulinave aliitazama ile chupa ya uji. Alisema anajua jezi imeandika. Alikuwa ameisikia ikipata joto mgongoni, kwa sababu uzi ukifanya kazi sana huwa unapata joto. Alisimulia kidogokidogo, na Bibi Filo hakumharakisha. Mzee alipomnyanyua alikuwa na furaha kweli, furaha kama ya mtoto. Alipomshusha akangoja aachiwe. Akaona hakuachiwa. Akaona skrini. Akajiuliza, nikimsukuma hapa, goti lake lile, akaanguka, kesho nitaitwa nani? Msichana aliyemwangusha mzee siku ya kombe. Basi akacheka, kwa sababu kucheka ndiyo kitu pekee mdomo wake ulichokumbuka kufanya.

"Unataka apelekwe?" Bibi Filo aliuliza.

"Sitaki afungwe, Bibi." Akazungusha kikombe. "Na sitaki niambiwe ilikuwa sherehe."

"Sanduku lina vitufe viwili tu, mjukuu wangu."

"Najua."

"Sasa nifanyeje?"

Tulinave aliweka kikombe chini, taratibu, kama vile alivyoiweka ile jezi. "Bibi, sheria ilikupa wewe ili mimi nisiulizwe. Na wewe umekuja kuniuliza."

Neno hilo lilimchoma Bibi Filo kuliko kama angetukanwa. Aliomba radhi. Binti akatikisa kichwa kwamba hamna neno, akainuka, akaufuata mpira wake. Alipofika kwenye mstari wa kumi na nane akageuka, akasema kitu kingine kana kwamba kimemtoka tu. Alisema aliyevaa tisa kabla yake alikuwa Jestina. Watu walisema kaacha mpira kwa sababu ya kuolewa.

"Hajaolewa mpaka leo," alisema, akapiga. Huo uliingia.

*

Jezi ikioga inasahau, lakini sanduku halioshwi. Fundi alikuwa amelieleza hilo siku ya mafunzo, na watunza jezi walikuwa wanasinzia. Kila kijani kilichowahi kubonyezwa kimehifadhiwa, cha masanduku ya zamani kikahamishiwa kwenye mapya, na anayetaka anaweza kuita kwa jina la bangili.

Saa nne na nusu Bibi Filo alijifungia kwenye chumba cha kufulia, akaliuliza sanduku juu ya bangili ya Gama, O.

Zilikuja sita. Miaka minne, jezi sita. Moja ya kipa aliyehamia timu nyingine. Mbili za wasichana ambao bado wapo, siku hizi wanaosimama upande wa pili wa benchi kila timu inapofunga, na Bibi Filo alikuwa amedhani ni ushirikina wa wachezaji. Tatu za Jestina. Sekunde saba. Sekunde tisa. Sekunde kumi na nne. Kila moja ina kijani, na chini ya kila kijani kuna alama ya kidole gumba. Hakuhitaji miwani kukitambua; ni chake, kina kovu la kisu cha kumenyea viazi tangu usichana wake.

Kisha aliona mstari wa mwisho, ule wa sababu.

Kitufe cha kijani huwa kinadai sababu. Zipo nne za kuchagua: furaha ya goli, huduma ya kwanza, kujikwaa, utani. Hiyo ya nne iliingizwa na wazee waliokwenda kulalamika kwamba sheria isije ikaufunga utani jela, na Bibi Filo alikuwa mmoja wa waliopiga vigelegele ilipokubaliwa. Na siku aliyosajili bangili ya Osmundi kwa mara ya kwanza, aliona pale pa kuandika uhusiano wa mtu na timu, akacheka peke yake, akaandika: mtani. Tangu siku hiyo, kila alipobonyeza kikapu kizima, sanduku lilijijazia lenyewe. Jezi sita, sababu sita. Utani, utani, utani.

Aliketi juu ya ndoo muda mrefu.

Aliukumbuka utani wake na Osmundi, kuanzia mwiko mpaka kaburi. Mwaka mmoja kwenye harusi mzee huyu alimbana mlangoni, amelewa, akataka kumbusu kwa nguvu mbele za watu. Bibi Filo akachukua beseni la maji ya vyombo, akammwagia lote kichwani. Watu walianguka kwa kicheko, Osmundi naye akacheka, akaenda kubadilisha shati, ikawa hadithi. Hapo ulikuwa utani. Yeye alikuwa na beseni. Alikuwa na mume, na nyumba, na umri wa kumwambia Mngoni huyu toka hapa. Jestina alikuwa na nini mkononi? Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wachezaji, na orodha iliandikwa na Osmundi kila Ijumaa. Mtani ni mtu unayeweza kumjibu. Hilo hata mtoto wa Kihehe analijua kabla hajaota meno ya pili, na yeye, mtu mzima, alikuwa amewaandikia wasichana wanne utani ambao upande mmoja wake umefungwa mikono.

Bado miaka mitatu ilikuwa inampiga kifuani. Aliwaza pengine sheria imekosea ukubwa. Aliwaza mkono ungeweza kuondolewa kwenye benchi, ukakatazwa uwanja, ukaitwa mbele ya wazee na kina mama, ukasemwa. Labda ndiyo ingekuwa haki ya kweli, ile ya katikati. Lakini aliyekuwa na nafasi ya kulisema jambo hilo likiwa bado dogo, lina sekunde saba, alikuwa yeye, na alikuwa anawahi sabuni.

Fundi alieleza na hili: kijani cha zamani kinaweza kufunguliwa tena. Ila aliyekibonyeza sharti aandike jina lake kuwa alikosea, na jina hilo linakwenda kwenye jalada hilohilo, kwa kosa la kufumba macho. Akipatikana nalo, hatashika jezi ya mtu tena, na mengine ataamua hakimu.

Saa tano na dakika arobaini mlango uligongwa. Kwa miaka arobaini hajawahi kumsikia Osmundi akigonga.

*

Alikuwa amevaa suti ya kanisani. Hakuomba tena. Aliuliza saa, akaambiwa, akaketi kwenye kiti cha plastiki, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri daktari. Kati yao kulikuwa na kikapu cha jezi ambazo Bibi Filo alikuwa amezisuuza tena asubuhi hiyo, zinachuruzika maji. Mlango wa kabati la sabuni ulikuwa wazi, na mfuko wa nailoni uko mezani karibu na sanduku. Udongo mwekundu ulionekana ndani.

"Kitendawili," Bibi Filo alisema.

Osmundi alimtazama, akadhani labda ni msamaha. Uso ulimlegea kidogo. "Tega."

"Nina shahidi hana mdomo, na akioga anasahau yote."

Alifikiri. Alijaribu mtoto mchanga, akaambiwa siyo. Alijaribu mlevi, na hapo karibu wacheke wote wawili kama zamani, lakini siyo. Macho yake yalipita juu ya sanduku, juu ya meza, yakapita juu ya mfuko bila kutua. Alijaribu mto Ruaha. Siyo.

"Nipe mji," Bibi Filo akasema.

"Chukua Songea."

"Nimekwenda Songea, nimekaribishwa vizuri, nimepikiwa, nimetandikiwa." Akaendelea, maana kitendawili kikitegwa sharti kiteguliwe. "Nikamkuta Jestina kakaa barazani. Nikamuuliza mbona umeacha mpira, akaniambia nilikusubiri Bibi Filo miaka minne, unifulie polepole."

Rangi ilimtoka Osmundi usoni kuanzia midomo. Bibi Filo alikuwa anamtazama kwa makini, kwa sababu mpaka dakika ile bado alikuwa anatafuta kwenye uso ule kitu kimoja tu, mshangao wa mtu ambaye hakujua. Angeupata, labda kidole kingemsaliti. Hakuupata. Alimwona mtu aliyejua anazungumziwa nini, na aliyekuwa anahesabu ni wangapi wamesema.

Akageukia sanduku. Aliandika jina lake kwanza, lote, Filomena Kikoti, mahali palipoandikwa *aliyekosea*. Akakosea herufi, akafuta, akaandika tena. Kisha akafungua vile vijani sita kimoja kimoja, na kila kimoja akakiwekea gumba lake lenye kovu. Namba tisa akaiacha mwisho. Ilipofika zamu yake alikumbuka jogoo wa msibani, na chozi likamtoka, na kidole kikashuka kwenye chekundu hivyohivyo.

Maji yaliendelea kudondoka kutoka kikapuni.

"Umeniua, mtani," Osmundi alisema polepole.

"Nimejiandika na mimi. Tutakwenda wote." Akajifuta uso kwa kanga. "Kama miaka mitatu ni mingi, nitasimama nimwambie hakimu ni mingi. Hilo nitakusemea. Lakini kwamba ilikuwa sherehe, silisemi tena."

Gari la wale waliotumwa na mwendesha mashtaka lingechukua nusu saa kutoka mjini. Osmundi aliinuka, akashika kofia, akatazama mlango, na Bibi Filo akajua anawaza kukimbia, na pia anawaza goti lake. Mwishowe mzee aliitazama ile kanuni ya timu, kikapu kilichokuwa mbele yake, kizito, chenye maji. Alikuwa ameshindwa kitendawili. Aliinama, akashika kikapu kwa masikio mawili, akakinyanyua, akatoka nacho nje mpaka kwenye kamba.

Alianika moja moja, kwa uangalifu, akikunguta mikunjo, namba mbili, namba tano, namba nane. Bibi Filo alisimama mlangoni akimtazama. Jua la saa sita lilikuwa kali na zile nguo nyeupe ziliumiza macho. Alipofika katikati ya kamba aliacha nafasi ya nguo moja, kwa mazoea, maana jezi huanikwa kwa mpangilio wa namba, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akisubiri apewe inayofuata.

"Hiyo hupewi," Bibi Filo alisema.

Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka. Osmundi akageuka. Aliuona ule mfuko kifuani kwa Bibi Filo, umekumbatiwa kwa mikono miwili, na safari hii macho yake yalitua.

"Jibu lake ndilo hilo?" aliuliza.

"Ndilo. Na hii haiogi."